Kafuata Mwenzake: Kimya cha Punda na Hisia Tusizozisoma

Kwa bibi yangu, vijijini Dodoma, kulikuwa na punda wawili wa maji, Shida na Tausi. Walitoka pamoja alfajiri, madumu manne kila mmoja, na wakarudi pamoja jua likiwa limeshachoma. Ukimpeleka Shida mnadani peke yake, Tausi alilia mpaka kijiji kizima kikajua. Jioni moja nilitumwa kuwawekea pumba. Shida akasogea kwenye hori, akainamisha kichwa, mdomo ukawa ndani ya pumba. Nikarudi ndani nikasema wote wanakula. Asubuhi tukamkuta amelala ubavu, tumbo limejaa kama ngoma, amekwisha kufa. Pumba zake zilikuwa vilevile.

Wajomba walimburuta hadi korongoni kabla hakujakucha vizuri. Tausi, aliyekuwa na mimba kubwa, alipofunguliwa alikwenda moja kwa moja pale mwenzake alipozoea kulala. Akanusa ardhi, akasimama. Siku hiyo hakula, na kesho yake hakula. Wiki mbili hazikuisha, naye akafa.

"Kafuata mwenzake," bibi akasema, akarudi kwenye mafiga yake.

Nilikua nikiamini kwamba hayo ni maneno ya wazee, ya kufunga mazungumzo. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba mambo yote mawili niliyoyaona, punda aliyejifanya anakula na punda aliyekufa baada ya mwenzake, yanajulikana na madaktari wa mifugo, na kila moja lina maelezo yake.

Tuanze na kimya. Farasi akiumwa tumbo utajua tu: atapiga ardhi kwa kwato, atajitupa chini, atagaagaa, atageuka kutazama ubavu wake. Punda mwenye tumbo lilelile husimama. Masikio hulegea kidogo. Hujitenga hatua chache na wenzake. Na mara nyingine hufanya lile alilonifanyia Shida: huweka mdomo kwenye chakula bila kutafuna, hata mtu anayepita aone mnyama anakula. Ndiyo maana madaktari wanaowajua punda hufundishana kwamba punda aliyepoa tu, asiye na dalili nyingine yoyote, ni mgonjwa wa kukimbiliwa siku hiyohiyo. Ukingoja aanze kugaagaa, umechelewa.

Kwa nini afiche? Jibu liko kwenye asili yake, na asili yake ni kwetu. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba punda wote wa kufugwa duniani wametokana na ufugaji mmoja, uliofanyika upande huu wa Afrika yapata miaka 7,000 iliyopita. Babu yao ni punda-mwitu wa nchi kame za Pembe ya Afrika, mahali penye mawe mengi na majani machache. Katika nchi ya namna hiyo chakula hakitoshi kundi kubwa, kwa hiyo wanyama hutawanyika, wawili hapa, watatu kule. Farasi wa nyikani ana kundi la kukimbia nalo. Punda-mwitu hana. Adui akitokea, yeye husimama kwanza, atazame, apime. Na akiwa na maumivu, asionyeshe, maana anayechechemea akiwa peke yake ndiye fisi anayemhesabu.

Hapo ndipo sifa zake mbili mbaya zinapotoka. Tunasema punda ni mkaidi. Kusimama kwake darajani, au mbele ya dimbwi asilolijua kina chake, ni ile tabia ya babu yake ya kupima kwanza, na fimbo humpa sababu nyingine ya kuogopa, sasa mbele na nyuma. Tunasema pia kwamba fadhila ya punda ni mateke. Lakini macho yake, yaliyo pembeni mwa kichwa, yanaona karibu pande zote isipokuwa pale nyuma ya mkia. Mtu anayetokea huko ghafla na kumshika kiuno hajulikani kama ni mwenyewe au ni fisi. Teke linakuja kabla ya kuuliza. Methali imebaki na utamu wake, siitaki ifutwe, ila kama ripoti ya tabia za mnyama imemwonea.

Na wawili wawili wale wa jangwani ndio waliotuachia Shida na Tausi. Punda hushikamana kwa jozi. Wanaweza kuwa mama na mwana, dume na jike, au madume wawili waliohasiwa waliofanya kazi pamoja miaka. Husimama ubavu kwa ubavu, mmoja akatazama huku na mwingine kule, husafishana shingo kwa meno. Jozi ikivunjwa, mapigo yanapanda, mlio unaanza, kula kunakoma.

Tunajuaje kwamba ni hisia?

Msomaji mwenye shaka ana haki ya kuniuliza hapa. Kuacha kula kunaonekana kwa macho, lakini huzuni nimeiona wapi? Hili ni swali gumu kweli, na watu wenye akili nyingi wamelijibu kwa kupishana. Mfaransa René Descartes, karne ya 17, alimchukulia mnyama kama mtambo: gurudumu likikosa mafuta hulia, na mbwa akipigwa hulia. Charles Darwin mwaka 1872 alichapisha kitabu kizima juu ya namna hofu, hasira na furaha zinavyojionyesha kwenye nyuso na miili ya watu na wanyama, akiona tofauti ni ya kiasi tu. Kisha ikaja sehemu kubwa ya karne ya 20 ambapo mtafiti aliyeandika neno "huzuni" juu ya mnyama alionekana mtu wa hadithi za watoto. Andika kwamba mnyama amepunguza mwendo, waliambiwa, mengine mwachie mshairi.

Kilichobadilisha mambo ni watafiti kupata njia za kumuuliza mnyama bila kuhitaji maneno. Nitaeleza mbili, kwa sababu ukizielewa hizi nyingine ni ndugu zake.

Ya kwanza ni kumwachia achague. Kuku wa nyama wa kisasa hunenepa haraka kuliko miguu yake inavyoweza kubeba, na wengi huchechemea. Watafiti wa Uingereza, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2000, waliwawekea kuku chakula cha rangi mbili, kimoja kikiwa na dawa ya kutuliza maumivu. Kuku waliokuwa wakichechemea walikula zaidi kile chenye dawa kuliko kuku wazima, na kadiri mguu ulivyokuwa mbaya ndivyo walivyokila zaidi. Mwendo wao nao ukawa afadhali. Mtambo uliokosa mafuta haujitafutii mafuta. Kuku yule alikuwa na kitu alichotaka kiondoke.

Ya pili inahusu hali ya moyo, siyo maumivu. Mtu aliyelemewa na wasiwasi simu ikilia saa nane za usiku huwaza msiba. Mwenye moyo mweupe huwaza kuna aliyekosea namba. Mlio ni uleule. Mwaka 2004 kikundi cha watafiti kilifundisha panya kwamba sauti fulani maana yake bonyeza upate chakula, na sauti nyingine maana yake usibonyeze, au utapigiwa kelele mbaya. Panya walipozijua zote mbili, wakapigiwa sauti za katikati, ambazo hazikuwa hii wala ile. Waliokuwa wakiishi kwenye makazi yaliyovurugwavurugwa, mara matandiko yamelowa, mara ratiba imebadilika, walisita au hawakubonyeza kabisa. Waliokaa kwa utulivu walibonyeza mara nyingi zaidi. Wale wa kwanza walitazamia mabaya. Jaribio hilo limerudiwa kwa mbwa, kondoo, kuku, hata nyuki.

Ukiongeza kwamba njia za neva zinazopeleka maumivu, na sehemu za ndani ya ubongo zinazowasha hofu, zimepangwa kwa namna inayofanana kwa mamalia wote, mashaka yanapungua. Tarehe 7 Julai 2012, mjini Cambridge, kikundi cha wanasayansi wa ubongo kilitia saini tamko kwamba binadamu si peke yake mwenye vifaa vya neva vinavyozaa fahamu. Mamalia wote wanavyo, ndege wanavyo, na wengine, akiwemo pweza. Miaka kumi baadaye sheria ya Uingereza ya mwaka 2022 ikawaingiza pweza, ngisi, kaa na kamba katika orodha ya viumbe wenye hisia. Ndugu zangu wa pwani, hapo kuna maneno, lakini leo ni siku ya punda.

Sasa tahadhari, maana upande wa pili nao una shimo. Kuna watu wanaomvika mnyama moyo wao wenyewe. Mfano maarufu ni mbwa mwenye "sura ya hatia": umeingia ndani, umekuta kiatu kimetafunwa, mbwa ameinamisha masikio na kukwepa macho, nawe unasema anajua alichofanya. Mtafiti Alexandra Horowitz alilipima jambo hilo, akachapisha mwaka 2009. Sura ile ilijitokeza mbwa alipokaripiwa, awe amekosa au hakukosa. Mbwa alikuwa akisoma hasira ya mwenyewe. Kwa hiyo hisia ilikuwepo kweli, ila tuliipa jina lisilo lake: tuliita hatia, nayo ilikuwa hofu. Mtu akikosea jina la hisia, atakosea na dawa yake. Ataongeza ukali kwa mnyama ambaye tatizo lake ni ukali.

Kosa letu kwa punda ni hilohilo limegeuzwa. Mbwa tunamsomea kisichokuwepo kwa sababu uso wake una maneno mengi. Punda tunakosa kumsomea kilichopo kwa sababu uso wake ni mkavu. Nadhani wanyama wengi wanaopata shida mikononi mwetu ni wa aina hii ya pili: samaki, kuku, ngamia, kobe. Hawalii kwa namna inayotuchoma.

Sasa nirudi kwa Tausi. Punda anapoacha kula kwa ghafla, mwili wake humwaga mafuta ya akiba kwenye damu ili apate nguvu. Wanyama wengine wana breki ya kuzuia mafuta yasizidi. Breki ya punda ni dhaifu, hasa akiwa mnene, ana mimba au ananyonyesha. Mafuta hufurika, damu ikipimwa huonekana nzito kama maziwa, ini na figo hulemewa, na mnyama huzidi kukosa hamu ya kula, hivyo mafuta zaidi humwagwa. Madaktari huita haipalipemia, na inaua ndani ya siku chache au wiki. Kinachoanzisha mara nyingi ni mshtuko: safari ndefu, ugonjwa, au kuondokewa na mwenzake.

Kijijini hakuna aliyempima Tausi damu. Ila nikiyaweka pamoja, mimba, mwenzake kuondoka usiku mmoja, hori lisiloguswa, sioni kwamba bibi alisema jambo la kishirikina. Daktari angeanza na mafuta kwenye damu akirudi nyuma. Bibi alianza mwanzo wa mnyororo. Na jambo hili si la punda peke yao. Gombe, Kigoma, mwaka 1972, sokwe mzee aliyeitwa Flo alipokufa, mwanawe Flint, wa miaka minane hivi na aliyekuwa bado amemganda mama, alijikunyata, akaacha kula, akafa wiki chache baadaye. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, na wenzake walikuwepo wakiandika.

Kosa letu lilikuwa kumburuta Shida gizani. Shirika la The Donkey Sanctuary la Uingereza, lililoanzishwa mwaka 1969 na lililofungua kituo Lamu mwaka 1987, hushauri kinyume kabisa: punda akifa, mwache mwenzake akae na mwili mpaka mwenyewe aonyeshe amemaliza. Anayemwona mwenzake amekufa hutulia mapema kuliko yule ambaye mwenzake ameyeyuka tu. Wanaomzika mtu wao na wale ambao mtu wao alipotea baharini watalielewa hilo bila mwanasayansi.

Haya si mageni kwetu

Napata shida na wale wanaosema kwamba huruma kwa wanyama ni mambo ya wazungu. Waislamu tumesoma tangu madrasa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula, na ya mtu aliyeshuka kisimani akamnywesha mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake. Kuna na hadithi isiyotajwa sana, iliyomo katika Sahih Muslim: Mtume, rehema na amani zimshukie, alimpita punda aliyechomwa chapa usoni, akamlaani aliyefanya vile. Katika mkusanyo wa Abu Dawud yumo ngamia aliyetokwa machozi, na mwenyewe akaambiwa kwamba mnyama wake amemshitaki kwa njaa na kazi kupita kiasi. Kwenye Biblia, Hesabu sura ya 22, punda wa Balaamu anasimama njiani kwa sababu ameona hatari ambayo bwana wake haioni. Anapigwa mara tatu. Kinywa kinapofunguliwa, anauliza amekosa nini hata apigwe mara tatu hizo. Sijui maelezo bora zaidi ya "ukaidi" wa punda.

Sheria nazo zipo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008 inamtambua mnyama kuwa kiumbe mwenye hisia. Ya Kenya, Sura ya 360, ni ya kale zaidi, ya enzi za kuelekea uhuru, lakini orodha yake ya makosa inashangaza: baada ya kupiga, kupiga teke na kupakia mzigo kupita kiasi, inataja pia kumkasirisha mnyama na kumtia hofu kwa ukatili. Mtu aliyeiandika aliamini kwamba punda ana moyo wa kutishika.

Tatizo liko barabarani. Nenda Lamu, mji ambao UNESCO iliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2001 na ambao vichochoro vyake vinapitisha punda na si gari. Mchanga, mawe ya matumbawe, saruji, mizigo ya jahazini, vyote vinapanda mgongoni. Vijana wa punda wengi si wakatili. Wanalipwa kwa safari, siyo kwa saa, na hapo ndipo mfuko wa tatu unapoongezwa. Kanuni inayotumiwa sana ni kwamba mzigo wa mgongoni usizidi theluthi ya uzito wa punda. Punda wetu wengi hawafiki kilo 200. Piga hesabu ya madumu manne ya lita ishirini ya bibi yangu, na utaona kwamba sina wa kumnyooshea kidole. Sisi tulimpenda Shida, tukamlisha, na tukampakia zaidi ya haki yake miaka yote.

Kuna jambo moja ambalo nikiliona huwa siwezi kupita kimya. Ni kidonda kwenye paja, mviringo, kibichi, ambacho hakiponi kwa sababu ndicho kinachochokolewa na ncha ya fimbo punda akipunguza mwendo. Ngozi nzima imeshazoea, kwa hiyo mtu anatafuta pale pasipozoea. Anayefanya hivyo anajua vizuri sana kwamba mnyama anaumia. Ndiyo maana sikubali kwamba tatizo letu lote ni kutojua.

Na kuna soko. Ngozi ya punda huchemshwa ipatikane gundi inayoitwa ejiao, inayotumika katika tiba za Kichina. Machinjio ya punda yalifunguliwa Kenya mwaka 2016, na muda si mrefu watu wa vijijini wakawa wanaamka na kukuta kamba zimekatwa. Februari 2020 serikali ikapiga marufuku, 2021 Mahakama Kuu ikaitengua marufuku hiyo, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, wakikutana Addis Ababa, wakakubaliana kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Mjadala mwingi ulikuwa wa uchumi: mwanamke akiibiwa punda, maji atayabeba yeye kichwani. Hoja hiyo inatosha kabisa. Ila punda waliosafirishwa mamia ya kilomita, jozi zimevunjwa, bila maji, hawakuwa na msemaji mle ukumbini.

Watu huniuliza waanzie wapi. Mimi husema anza na masikio. Punda mzima huyageuza muda wote, moja huku moja kule, anasikiliza dunia. Yakilala yote mawili kwa saa kadhaa, weka kazi chini. Kisha mtazame anapokula: taya inazunguka au mdomo umekaa tu? Inua matandiko kila jioni upitishe kiganja mgongoni, polepole. Ngozi ikitetemeka au akiinua kichwa ghafla, hapo pana joto, na kesho patakuwa kidonda. Msogelee kwa mbele au ubavuni, ukimsemesha.

Binamu yangu ndiye anayefuga sasa pale kwa bibi. Mwaka juzi punda wake mzee alikufa mchana, chini ya mbuyu, na wajomba wakaja na kamba kama kawaida. Nikamwomba awaambie wasubiri. Walinitazama kama mtu aliyekaa mjini mno, lakini wakakaa kivulini wakanywa chai. Jike aliyebaki alisogea, akanusa pua ya mwenzake, akamgusa shingoni kwa mdomo, akamsukuma mara mbili. Kisha akasimama pale, kichwa chini, nzi wakimjaa machoni bila kupepesa. Ilipata kama saa tisa hivi alipogeuka mwenyewe, akatembea mpaka kwenye mabua ya mahindi yaliyoanikwa ukutani, akavuta moja. Binamu yangu akainama karibu naye kuangalia taya.

"Anatafuna," akasema. Wajomba wakainuka na kamba zao.